Mbona Reli Haikufika Kyela?

Wengi wetu tuliosoma historia sekondari tulifundishwa reli kwa sentensi moja: wakoloni walijenga reli ili kusafirisha malighafi kutoka bara kwenda pwani. Sentensi hiyo ni ya kweli, na anayeiandika kwenye mtihani anapata alama zake. Shida ni kwamba haijibu swali linalofuata.

Mwaka jana nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja wilayani Kyela, si mbali na kwetu Makwale. Tulipofika kwenye mada ya uchumi wa kikoloni, binti mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. "Mwalimu, hata sisi tuna malighafi. Mpunga upo, kokoa ipo, makaa ya mawe ya Kiwira yapo, na ziwa lile pale. Mbona hawakuleta reli?" Nikamwambia swali hilo ni kubwa kuliko kipindi cha dakika arobaini, tutalichukua wiki inayofuata. Makala hii ndilo somo nililoliandaa, nimelipanua kidogo kwa ajili yetu tunaosomea ualimu, na kwa yeyote anayesikia habari za reli mpya akajiuliza itamsaidia nani.

Reli zetu za kwanza zilifuata nini?

Tuanzie Tanga. Wajerumani walianza kujenga huko mwaka 1893, kwa sababu nyuma ya Tanga kuna Usambara, na Usambara ilikuwa na mashamba ya walowezi. Kazi ilikwenda kwa kusuasua. Kampuni iliyoanza iliishiwa fedha, serikali ya kikoloni ikaichukua kazi, na reli ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Kwa hiyo Tanga hadi Moshi ilichukua miaka 18. Hapa sentensi yetu ya mtihani inakaa vizuri kabisa: mkonge na kahawa juu, bandari chini.

Sasa angalia majirani. Waingereza walianzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Reli ile iliitwa Reli ya Uganda ingawa iliishia Kisumu, na jina lenyewe linaonyesha nia. Walichokuwa wanakifuata hasa ni Uganda na chanzo cha mto Nile, wasije Wajerumani au Wafaransa wakawatangulia. Mzigo wa kibiashara ulikuwa mdogo. Reli ilipokwisha, serikali ikabaki na deni na mabehewa matupu, ndipo ikaanza kuwagawia walowezi ardhi ya Wakenya walime kahawa na mazao mengine ili treni ipate cha kubeba. Wanandi walioipinga reli na utawala ule walipigwa, na kiongozi wao Koitalel arap Samoei akauawa mwaka 1905. Kwa hiyo malighafi inaweza kuja baada ya reli, ikatafutwa kwa nguvu.

Reli ya Kati ya kwetu ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka uleule Vita vya Maji Maji vilipolipuka. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, safari ya kilomita zipatazo 1,250. Kwa sehemu kubwa ilifuata njia ya misafara ya zamani, ile ambayo wapagazi Wanyamwezi waliipita kwa miguu kwa miezi, mzigo kichwani. Baadaye Waingereza wakaongeza tawi la Tabora hadi Mwanza, lililokamilika mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ikapata njia.

Ukizipanga reli hizi tatu unaona kwamba malighafi ni sababu mojawapo tu. Nyingine ni jeshi na mipaka, na ya tatu ni kushindana na jirani. Zote tatu zinakutana sehemu moja: lazima awepo mtu mwenye fedha aliye tayari kulipa. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya jibu la yule binti.

Maziwa matatu

Sasa weka vidole vitatu kwenye ramani: Victoria, Tanganyika, Nyasa. Ziwa Victoria lilipata reli Kisumu mwaka 1901 na Mwanza mwaka 1928. Ziwa Tanganyika lilipata Kigoma mwaka 1914. Ziwa Nyasa je?

Meli mbili za Wajerumani zinaeleza tofauti hii vizuri kuliko maelezo marefu. Ya kwanza ni Hermann von Wissmann, iliyoelea Ziwa Nyasa mwaka 1893. Ililetwa vipande vipande kutoka Ulaya, na kwa kuwa upande wetu hakukuwa na njia ya kubebea chuma kizito kutoka pwani, vipande vilizungushwa Msumbiji, vikapandishwa mto Zambezi na mto Shire hadi ziwani. Ya pili ni Graf von Götzen, iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani. Hii ilifika Dar es Salaam ndani ya makasha, ikapandishwa Reli ya Kati, ikaungwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Ndiyo MV Liemba tunayoijua. Ziwa moja lilikuwa limefungwa na mto wa nchi jirani, na lingine lilifunguliwa na reli.

Si kwamba hakuna aliyefikiria. Wajerumani walikuwa na wazo la reli ya kusini kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, likabaki kwenye karatasi. Waingereza nao walimtuma mhandisi Clement Gillman kupima njia ya awali ya reli ya kufungua kusini-magharibi mwa Tanganyika, na ripoti ikatoka mwaka 1929. Mwaka huohuo uchumi wa dunia ukaanguka, na reli hiyo haikujengwa.

Ziwa letu hatimaye lilipata reli, ila mbali na sisi. Mwaka 1935 reli ya Nyasaland ilifika Salima, ikigusa maji kwenye bandari ya Chipoka, na mwaka huohuo daraja kubwa la mto Zambezi likafunguliwa Msumbiji, hivyo mzigo ukaweza kwenda hadi Beira bila kushushwa. Kwa hiyo mkulima wa ufukwe wa kaskazini alikuwa na reli mbele yake, upande wa pili wa maji mengi, katika koloni lingine.

Upande wetu, kilichosafiri kwa wingi kilikuwa watu. Vijana wa Rungwe na Kyela walikwenda migodini, Kopabelti na hadi Afrika Kusini. Wazee wengi wa kwetu wanazo hadithi za baba au babu aliyekwenda akarudi na blanketi na baiskeli, na za yule ambaye hakurudi. Mwanahistoria akisema ukanda huu haukuwa na mzigo, amkumbuke na huyu.

Mlima na hesabu yake

Jibu jingine ambalo watu wa Makwale wanalitoa haraka ni mlima. Kweli, tazama. Ziwa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya kwenda Mbeya inapita Tukuyu na kuvuka sehemu iliyo juu ya mita 2,000 kabla ya kushuka Uyole. Tofauti ni zaidi ya mita 1,500.

Hapa mwalimu wa historia amwite mwenzake wa fizikia. Gurudumu la treni ni chuma na reli ni chuma, kwa hiyo msuguano ni mdogo. Faida yake ni kwamba injini moja inavuta mzigo ambao malori mengi yangehangaika nao. Tuseme treni ina mabehewa 20 na kila behewa limebeba tani 40: hizo ni tani 800, sawa na malori karibu 27 ya tani 30. Hasara yake ni kwamba kwenye mwinuko ule utelezi unageuka adui. Lori linaweza kukwea mlima mkali, lakini treni nzito ya mizigo kwa kawaida huwekewa kikomo cha kupanda kama mita 2 kwa kila mita 100 za njia, na mara nyingi chini ya hapo.

Piga hesabu. Mita 1,500 gawanya kwa 0.02 unapata mita 75,000. Yaani kilomita 75 za kupanda tu, bila hata mita moja ya tambarare, na bila kuhesabu mikunjo, madaraja na mito yetu, Kiwira, Mbaka na mingineyo, ambayo kila masika inakumbusha kwamba bonde ni lake.

Lakini mlima peke yake si jibu. Reli ya Uganda ilipanda Mau, zaidi ya mita 2,400, kisha ikateremka hadi Kisumu. Waingereza waliona kilicho ng'ambo kinastahili gharama. Mlima unapandisha bei, na uamuzi unabaki kwa mwenye fedha. Wanafunzi wangu walilielewa hili upesi, kwa sababu kila mmoja ameshaona nauli ya bodaboda ikipanda njia inapokuwa mbaya, na ameona pia kwamba mwenye haraka hulipa.

Vidole vinne vya kuzuia bara zima

Tukitoka kwetu tuangalie bara. Kuna ndoto maarufu ya Cecil Rhodes, reli ya kutoka Cape hadi Cairo. Kutoka kusini reli ilipanda hadi Maporomoko ya Victoria, daraja la pale likafunguliwa mwaka 1905, na mwaka 1906 reli ikafika Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe, Zambia. Ikaendelea hadi migodi ya shaba ya Katanga. Kutoka magharibi, reli ya Benguela ilitoka bandari ya Lobito, Angola, kuelekea shaba hiyohiyo, na kuunganishwa nayo mwaka 1931. Lakini ile ya Cape hadi Cairo haijakamilika mpaka leo.

Kila mkoloni alijenga kutoka bandari yake kwenda kwenye mzigo wake, kama vile kila mtu anachimba mfereji kutoka shambani kwake kwenda mtoni bila kumuuliza jirani. Tena kila mmoja alichagua upana wake wa reli, tunaouita geji. Kusini mwa Afrika ni milimita 1,067. Kenya, Uganda na Reli ya Kati ya Tanganyika ni milimita 1,000. Misri ni milimita 1,435. Kati ya 1,000 na 1,067 kuna milimita 67, upana wa vidole vinne vya mkono. Vidole hivyo vinne vinatosha kulizuia behewa lisivuke, mzigo ukashushwa wote na kupakiwa upya.

Na kuna reli zilizozaliwa na kufa. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikajengewa reli ya kwenda pwani, na Mtwara ikapata bandari. Karanga hazikutoka kama ilivyotarajiwa. Mapema miaka ya 1960 reli ilifungwa na vyuma vikang'olewa. Watu wa kusini walibaki na korosho zao na barabara ya vumbi. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mzigo mmoja wa bwana mmoja huondoka na mzigo huo.

TAZARA, reli iliyojengwa kwa hoja nyingine

Sasa tufike kwa jirani yetu wa karibu, ambaye honi yake husikika Mbeya.

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, nchi isiyo na bahari, uchumi wake ni shaba, na njia yake kuu ya kutokea ilipita Rhodesia ya Kusini. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith akajitangazia uhuru wa walowezi wachache. Kaunda akawa kama mtu ambaye mlango wake wa pekee unafunguliwa na adui. Mwalimu Nyerere na Kaunda walitaka reli ya kwenda Dar es Salaam. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zikaona reli hiyo haina faida, mzigo hautatosha. China ikakubali. Mkataba ulisainiwa Beijing mwezi Septemba 1967, mkopo usio na riba, ujenzi ukaanza mwaka 1970, reli ikakamilika mwaka 1975 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976.

Ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi: 975 upande wa Tanzania na 885 upande wa Zambia. Makumi elfu ya Watanzania na Wazambia walifanya kazi bega kwa bega na Wachina. Sehemu ngumu kuliko zote ni ile ya Mlimba hadi Makambako, karibu kilomita 160, inapopanda kutoka bonde la Kilombero kwenda nyanda za juu. Ndiko yaliko mahandaki mengi na madaraja marefu, likiwemo la mto Mpanga. Zaidi ya Wachina 60 walifariki kwenye ujenzi, na wengi wao wamezikwa kwenye makaburi yao nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam. Vijana wa kwetu nao walifia huko, ila makaburi yao yametawanyika vijijini, na mara chache tunayafundisha.

Sababu ya TAZARA ilikuwa ukombozi, ndiyo maana ikaitwa Reli ya Uhuru. Lakini ukiitazama kwa jicho la fundi, bado ilifuata kanuni ileile: shaba upande mmoja, bandari upande mwingine. Geji yake ni 1,067, ili iungane na reli za Zambia na kusini. Matokeo yake ni kwamba ndani ya Tanzania yenyewe haikuungana na Reli ya Kati. Mpaka kilipojengwa kituo cha kuhamishia mizigo Kidatu, miaka ya 1990, reli mbili za nchi moja zilikuwa kama ndugu wasiosalimiana.

Ilisanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka na haijawahi kufikia kiwango hicho. Ubaguzi wa rangi ulipokwisha Afrika Kusini na njia za kusini kufunguka, mzigo ukapungua, injini zikazeeka, na mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba chini ya tani laki moja.

Nani alipanda treni hiyo?

Ukiishia kwenye tani, utaiandika TAZARA kama reli iliyoshindwa. Nenda Mlimba, Ifakara au Makambako uulize. Watu walihamia kando ya stesheni, wakafungua mashamba ya mpunga, mahindi, viazi na ndizi, wakapakia magunia kwenye treni ya abiria. Kulikuwa na treni fupi ya wenyeji iliyosimama kila stesheni, watu wakaiita Kipisi. Mama mwenye matenga matatu ya nyanya hakuwemo kwenye hesabu za Benki ya Dunia wala kwenye hotuba za ukombozi, lakini ndiye aliyeifanya reli kuwa ya kwake. Mwanahistoria Jamie Monson ameandika kitabu kizima kuhusu reli hii na watu wa ukanda huo, na ningependa kila mwanachuo wa historia akisome.

Na sisi wa Kyela tuliigusa TAZARA kwa mlango wa nyuma. Miaka ya 1980 vita vya Msumbiji vilikata reli za Malawi za kwenda Beira na Nacala. Malawi ikatafuta njia ya kaskazini. Mzigo ulipanda ziwa hadi Chilumba, ukavuka mpaka wa mto Songwe kwa barabara, ukapita Kasumulu, ukakwea Tukuyu, ukafika kwenye kituo cha mizigo cha Malawi jijini Mbeya, kisha ukapandishwa TAZARA hadi Dar es Salaam. Ziwa, lori na treni zikafanya kazi ya mnyororo mmoja, na mnyororo huo ulipita mlangoni kwetu.

Kwa hiyo binti yule alipouliza mbona reli haikuja, nilimjibu hivi. Mkoloni Mjerumani alikuwa na mashamba na njia zenye faida zaidi kaskazini na katikati. Mwingereza alipima, akaona gharama, akaacha. Nyasaland ikajengewa kusini kwa sababu bandari yake ilikuwa Beira. TAZARA ilikuwa inaikimbilia shaba, na haikuwa na sababu ya kuteremka ziwani. Hakuna hata mmoja aliyeketi akauliza mkulima wa Makwale anapeleka wapi mpunga wake. Nikaongeza utani kidogo: mwaka 2012 treni ya abiria ya jijini Dar es Salaam ilipoanza, watu waliiita treni ya Mwakyembe, jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, ambaye pia alikuwa mbunge wa Kyela. Kwa hiyo tulishawahi kupeleka jina kwenye reli, imebaki kupeleka gunia. Darasa zima lilicheka.

Kalamu ziko mezani tena

Kwa nini mambo haya yatuhusu sasa? Kwa sababu mistari inachorwa upya wakati tuko hai.

Reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma ilianza kubeba abiria mwaka 2024, geji 1,435, kwa umeme. Septemba mwaka huohuo, marais wa China, Tanzania na Zambia walishuhudia Beijing utiaji saini wa hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Upande wa magharibi, Marekani na Umoja wa Ulaya wanaisaidia njia ya Lobito. Shaba ya Zambia na Kongo inagombewa kama zamani, safari hii kwa ajili ya nyaya na betri za magari ya umeme. Kwenye mipango ya serikali yetu ipo pia reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga.

Soma hiyo ya mwisho polepole. Mbamba Bay iko ufukweni, Ziwa Nyasa lilelile. Bandarini Itungi zimeshaundwa meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja tani 1,000, na ya abiria MV Mbeya II. Kwa hiyo Kyela ina njia mbili za kuifikia reli bila kujenga hata kilomita moja ya reli mlimani: kupanda kwa lori hadi stesheni ya Mbeya, au kushuka kwa meli hadi Mbamba Bay siku reli hiyo itakapojengwa. Zote mbili zinahitaji vitu vya kawaida sana. Ghala kavu la kokoa na mchele. Mahali pa kuhamishia mzigo pasipoibwa wala kunyeshewa. Ratiba inayoheshimiwa. Na behewa ambalo chama cha ushirika kinaweza kulikodi, badala ya mabehewa yote kuwa ya shaba.

Mimi naona tuanzie hapo. Kudai reli ipande na kushuka Milima ya Rungwe hadi Makwale ni kudai ile sehemu ya gharama ambayo hesabu imeshatuonyesha. Kudai kiungo kizuri kati ya ziwa, lori na treni ni jambo linalowezekana ndani ya miaka yetu, na historia ya mzigo wa Malawi inathibitisha kwamba lilishafanyika. Malori yatapungua kwenye ule mteremko ambao kila familia ya kwetu ina mtu inayemkumbuka kwa ajali yake, na mkulima atapata mnunuzi wa pili zaidi ya yule anayekuja na mizani yake mlangoni.

Kwa tunaokwenda kufundisha

Napendekeza tuifundishe mada ya reli kwa maswali manne, ambayo mwanafunzi anaweza kuyauliza mbele ya ramani yoyote, ya mwaka 1905 au ya mwaka huu. Reli hii inatoka wapi kwenda wapi? Mzigo wake mkuu ni wa nani? Nani amelipa, na atalipwaje? Na katikati ya njia, mtu wa kawaida anapandia wapi?

Chora ramani ubaoni kwa chaki za rangi tatu, rangi moja kwa kila geji, na wanafunzi wenyewe wataona mahali ambapo rangi zinagonga ukuta. Waambie wapime mwinuko wa njia ya kwao kwa ile hesabu ya mita 2 kwa 100. Watume wakamuulize babu au bibi aliyepanda treni kwa mara ya kwanza alikuwa anakwenda wapi na alibeba nini. Hayo yote hayahitaji projekta.

Swali la nne ndilo wanalosahau wapangaji wengi, na ndilo ambalo mtoto wa Makwale analijua bila kufundishwa, kwa sababu amezoea kusimama kando ya barabara na gunia akisubiri gari lenye nafasi. Siku kikao cha wilaya kitakapoitwa kujadili bandari, ghala au stesheni, na awepo mmoja wa wanafunzi wetu wa kuliuliza kwa sauti, akiwa na ramani mkononi na hesabu yake tayari.